Tundu Lililotazama Kaskazini

Asubuhi ya Jumatatu Torunn Myrvang alifunua visahani vya gizani, akakuta vitupu. Akavigeuza huku na huku, akavisogeza karibu na taa, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya koti, akatazama tena. Hata doa moja hamna. Mtu mwingine angepiga vigelegele, maana kazi ya Torunn kwa miaka minne ilikuwa kuua bakteria, na hapa walikuwa wameteketea wote. Yeye aliketi tu kwenye stuli ya maabara.

Hawa walitakiwa kuwa hai.

Alikuwa ametengeneza rangi ya kupaka meza za chuma za viwanda vya samaki. Ndani yake mlikuwa na unga wa titani, punje ndogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Unga huo ukipigwa na jua kali huamka, na ukiamka humchanachana bakteria yeyote anayeugusa. Tatizo lake ni uvivu. Taa za kawaida hauzijali kabisa. Torunn akazitia punje zile shaba, kidogo sana, na uvivu ukaisha. Sasa hata taa ya darini ilitosha kuuamsha. Ukizima taa, unga unalala, na bakteria wanakaa juu yake raha mustarehe.

Hapo kwenye kulala ndipo palipokuwa na mtihani. Kama bakteria wanakufa hata gizani, basi si nuru inayoua. Ni shaba yenyewe, inachomoka kwenye rangi na kuingia katika chochote kinachoigusa, na kitakachoigusa ni samaki wa watu. Nani ataruhusu chakula kilazwe juu ya meza inayotapika madini?

Jaribio lenyewe halina mambo mengi. Vipande vya chuma vilivyopakwa rangi hutiwa tone la maji yenye bakteria. Vingine huachwa chini ya taa, vingine hulazwa gizani hadi asubuhi. Kisha matone hukusanywa na kuoteshwa kwenye visahani vyenye chakula chao, na kila aliyenusurika huzaa ukoo mzima unaoonekana kama doa. Kwa upande wa giza walitumia stoo ya zamani, ubavu wa kaskazini wa jengo. Haikuwa na dirisha, ila tundu la hewa juu ukutani lenye vibao vya bati. Eilert Kvamme, profesa aliyemsimamia Torunn, aliichagua mwenyewe kwa hoja moja tu, kwamba huko kwao, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, jua hupita kusini na ubavu wa kaskazini haulioni. Maabara nyingine hufunga vipande vyao kwa karatasi ya bati. Eilert alisema karatasi hufungia unyevu na kuharibu kazi. Zima taa, funga mlango, nenda nyumbani.

Majira yote ya baridi mambo yalikwenda kama maji. Kwenye taa walikufa, gizani walistawi. Ilibaki kurudia mara ya mwisho, mwezi huu wa Juni, ili kazi ifungwe. Walipokufa gizani mara ya kwanza, Torunn alisema amekosea yeye. Mara ya pili akamwaga kila kimiminika akaanza upya. Hii ilikuwa ya tatu.

Eilert aliingia na kikombe chake cha kahawa, mtu mrefu aliyevaa soksi na viatu vya wazi mwaka mzima. Alivitazama visahani, asiketi.

"Vile visivyopakwa rangi je?"

"Wamejaa tele, gizani na kwenye taa. Hawana hata mafua."

"Na shaba umeipima majini?"

"Nimepima. Mashine inasema hakuna."

"Mashine inasema hakuna, bakteria wanasema ipo." Akanywa kahawa. "Mimi humwamini bakteria. Yeye hana sababu ya kudanganya."

"Eilert, nipe wiki moja."

"Kiwanda kinafunga Julai kwa likizo. Ndipo wanapopaka meza, au hawapaki. Nitawaambia wapake kitu nisichokijua?" Akaweka kikombe chini. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilimuuma Torunn kuliko ukali. "Nenda kwa wazazi wako ukaote moto wa mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Ukirudi tutaandika kwamba tumeshindwa. Kushindwa si dhambi."

"Kwako," Torunn alisema, akavua koti la maabara.

Eilert alijua ni kiwanda gani. Kilikuwa kisiwani kwao Torunn, na mama yake, Bjørg, alikuwa ameosha meza zake tangu Torunn hajaanza shule. Mwaka uliopita wazee wawili wa nyumba moja ya kulea wazee waliugua kwa samaki aliyetoka pale. Mmoja wao hakupona. Wakaguzi walikuja na pamba zao za kupimia, wakamkuta mkosaji ndani ya mikwaruzo ya visu, listeria, bakteria anayeishi kwenye baridi kama yuko nyumbani kwake, mahali ambapo brashi haifiki hata usugue mpaka kucha zitoke. Hakuna aliyemlaumu Bjørg. Wakubwa walimwambia hivyo, wenzake walimwambia hivyo, mumewe alimwambia kila siku mpaka akakatazwa. Lakini tangu siku ile Bjørg hakutia mdomoni samaki wa kiwanda kile. Katika nyumba ambayo samaki ndiye aliyekuwa chakula, sasa walichemsha soseji.

Basi Torunn alipofika kwenye kibanda chao cha mapumziko ng'ambo ya kisiwa, alikuta mambo yote ni yaleyale ya kila mwaka. Baba yake, Oddmund, amerundika magogo ufukweni na anagombana na kiberiti. Mama amepika uji wa krimu chachu, siagi imeelea juu, mdalasini umenyunyizwa. Walikula wakiwa wamevaa sweta, moto unawaka, mbu wanafanya kazi yao.

"Rangi yako imefikia wapi?" mama aliuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Alikuwa amelishikilia swali hilo kutwa nzima.

Torunn hakuweza kumdanganya. "Inaua hata gizani, mama."

"Si ndiyo vizuri?"

"Hapana. Ikiua gizani maana yake inatoa shaba. Itaingia kwenye samaki. Hawatairuhusu."

Bjørg alikwangua bakuli lake taratibu mpaka likawa jeupe. "Haya," akasema. "Basi nitaendelea kusugua."

Oddmund alimtazama binti yake, akamtazama mkewe, akaona heri arudi kwenye magogo. Torunn aliinuka. Alitaka kulia, na kwenye kibanda cha vyumba viwili pa kulilia ni mahali pamoja tu.

"Nakwenda chooni."

"Usichelewe sana," baba alimwambia, akijaribu kuchekesha. "Yule ng'ombe anapenda porojo."

Choo chao kilikuwa nyuma ya kibanda, mbao tupu, mlangoni pametobolewa umbo la moyo kama ilivyo desturi ya vyoo vya namna hiyo. Ndani, ukutani, ilitundikwa kalenda ya kiwanda cha maziwa iliyokwisha muda wake kabla Torunn hajazaliwa. Kalenda ilikuwa na ng'ombe mwekundu aliyesimama malishoni. Ng'ombe huyu alikuwa na baka jeupe ubavuni, lililokaa kama moyo uliovutwa pembeni, na tangu utotoni Torunn alimwita Ng'ombe Mwenye Moyo Nje. Wageni waliocheka chooni walikuwa wanamcheka yeye.

Torunn aliketi akalia. Alilia vizuri, bila haraka, mpaka akamaliza. Kisha akafuta macho na kugeuka kumtazama ng'ombe nyuma yake, kwani hakukuwa na mwingine wa kumtazama.

Jua lilikuwa linaingia kupitia tundu la mlangoni. Lilikuwa limeshuka karibu kugusa bahari, likakataa kuzama kama linavyokataa kila Juni, na mwanga wake mwekundu ulipita kwenye lile tundu moja kwa moja, ukavuka kichwa cha Torunn, ukatua ubavuni mwa ng'ombe. Umbo la moyo juu ya baka la moyo. Likatoshea barabara.

Torunn aliacha kufuta pua.

Baka lile halikuchapwa kiwandani. Rangi imefifishwa. Miaka yote ile alidhani ng'ombe amezaliwa hivyo, kumbe amechomwa na jua. Lakini jua lipi? Mlango ulitazama kaskazini. Baba yake aliujenga hivyo makusudi ili mtu akae akiiona bahari. Kutwa nzima jua huwa nyuma ya choo na pembeni, mlangoni haliji. Jua pekee lililowahi kupita kwenye tundu hili ni hili hapa, la saa hii, la wiki hizi chache ambazo huzunguka anga lote na usiku kusimama upande wa kaskazini.

Upande wa kaskazini. Tundu la hewa. Vibao vya bati vilivyolala, na rafu iliyosimama kuvikabili, imepangwa vipande vyake vya chuma.

Alitoka mbio akipiga kelele.

"Torunn!" baba yake alifoka kutoka ufukweni. "Suruali!"

Akaifunga huku akikimbia, akachukua simu juu ya meza ya nje. Saa ilikuwa imepita sita ya usiku, lakini usiku ule hakuna aliyelala kaskazini kote. Eilert alipokea akiwa anatafuna.

"Eilert! Tundu la hewa la chumba cha giza linatazama wapi?"

"Kaskazini. Ndiyo maana nilikichagua. Jua haliji..."

Torunn akasikia moto wa Eilert ukitatarika huko aliko, na mtu akiimba vibaya. Kisha Eilert akatukana. Watu wa kaskazini wana matusi yao yanayohusu farasi, na Eilert aliyamaliza yote, akarudia baadhi.

"Nimezaliwa hapa," alisema alipopata pumzi. "Babu yangu amezaliwa hapa. Sasa hivi nimekaa upande wa kaskazini wa nyumba yangu kwa sababu jua liko huku, Torunn. Nimehamisha kiti mwenyewe!"

"Na chumbani kwako una pazia nene."

"Nene kama godoro! Ningelalaje?"

Nyani haoni kundule. Kila nyumba mjini ilitundika pazia zito lilipofika jua la Mei, lakini pazia ni la mahali pa kulala, na maabarani halali mtu. Vilevile hakuna aliyewahi kukitumia chumba kile wakati wa kiangazi. Desturi ya maabara yao ilikuwa kupima wakati wa baridi, kuandika wakati wa masika, na Juni kutawanyika kila mtu kwenye kibanda chake. Lile giza walilijua la Januari, wakadhani giza ni la chumba. Kumbe lilikuwa la mwezi.

"Bado ni dhana tu," Eilert akasema, sasa kwa sauti ya kazini. "Usifurahi."

"Sijafurahi."

"Unapiga kelele."

"Wewe je?"

Mama yake alikuwa amesogea, taulo la vyombo mkononi. "Kuna nini?"

"Sijui bado, mama. Sijui. Naomba unilazie uji kidogo, naondoka na feri ya kwanza."

Alifika maabara akamkuta Eilert keshatangulia, amepanda ngazi, anachungulia tundu la hewa kana kwamba limemwibia. Kwapani alikuwa na kopo kubwa la bati, lile la kuwekea biskuti za Krismasi, lina picha ya watoto kwenye theluji.

"Mke wangu anajua?" Eilert akasema kabla hajaulizwa. "Hajui. Fanya haraka."

"Lina makombo?"

"Nimeyala njiani."

"Na unyevu? Si ulisema kufungia kunaharibu?"

"Unyevu na ukome. Tia na visivyopakwa humo humo. Kama unyevu una neno, utaonekana kwenye hivyo."

Wakapanga vipande kwa mafungu mawili. Fungu moja likafunikwa ndani ya kopo, la pili likaachwa wazi juu ya rafu kama siku zote. Yote mawili chumba kilekile, usiku uleule. Usiku ulipofika wakazima taa, wakafunga mlango. Safari hii Torunn hakwenda nyumbani mara moja. Alisimama nje kwenye nyasi, upande wa kaskazini wa jengo, akaona vile vibao vya bati vimewaka rangi ya chungwa, akajisemea kwamba ama mimi ni mjinga aliyepona ujinga, ama ni mjinga anayejifariji.

Kungoja bakteria waote ni kazi mbaya kuliko zote, maana huna la kufanya. Alisafisha dawati. Akasafisha la Eilert, akakutana na ndizi ya zamani. Akampigia mama simu, akakata kabla haijapokewa. Kama visahani vya kopo vingekuwa vitupu, basi shaba ilikuwa inatoka kweli, na mama yake angesugua mikwaruzo ile mpaka siku ya kustaafu akijua kwamba haisuguliki.

Vilipoiva, Eilert alivileta kwa sinia, vimefunikwa.

"Fungua wewe," Torunn akasema.

"Kazi ni yako. Fungua."

Akaanza na vya rafuni. Vitupu, kama alivyotarajia. Kisha akafungua cha kwanza cha kopo.

Kilikuwa kimejaa madoa. Madoa madogo, ya kijivu, mviringo, yamebanana mpaka hayana pa kupita. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu vivyo hivyo. Bakteria waliolala usiku kucha juu ya rangi yake, katika giza la kweli, wakaamka wazima wa afya, wakazaa, wakajukuu.

Torunn aliweka kifuniko chini. Pumzi aliyoishusha ilikuwa ndefu hata yeye mwenyewe akashangaa ilikuwa imekaa wapi. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na Eilert, ambaye hakuwahi kumgusa mtu bega katika maisha yake ya kazi, alimgusa bega.

"Hongera," akasema. "Umefaulu kutoua mtu."

"Wako hai, Eilert. Watazame. Wako hai!"

"Nawaona. Wabaya kama nini." Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nakwenda kukiambia kiwanda kipake. Halafu nakwenda kununua pazia."

Torunn alimpigia mama yake.

"Mama! Wako hai!"

"Nani yuko hai?"

"Bakteria!"

"Torunn, mwanangu, umelala kweli?"

"Gizani, mama. Gizani wako hai! Shaba haitoki. Ni nuru inayoua, nuru peke yake. Chumba chetu ndicho hakikuwa na giza. Yule ng'ombe wa chooni, mama, yule ng'ombe..."

Akaeleza yote, akirudi nyuma na kuruka mbele, na Bjørg akasikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akauliza jambo moja tu.

"Ndani ya mikwaruzo je? Inafika?"

"Rangi inaingia kwenye mikwaruzo. Na nuru inaingia. Brashi ndiyo haiingii."

"Haya," mama akasema. Lilikuwa lile "haya" lake la usiku wa moto, lakini safari hii sauti ilikatika katikati, akasema ana sufuria jikoni, akakata simu. Torunn alijua hakuna sufuria.

Meza zilipakwa Julai. Agosti wakaguzi walikuja na pamba zao, wakaondoka na pamba safi. Wakaja tena Septemba, hawakupata kitu. Torunn aliyapokea matokeo kila yalipotoka, na kila mara alishukuru, lakini alijua kuna mkaguzi mmoja bado hajasema.

Oktoba, kisiwa kikiwa kimerudishiwa giza lake, alikwenda kumpitia mama kazini jioni. Akamkuta peke yake kwenye ukumbi mrefu, amevaa buti na kofia ya nywele, anavuta maji ya mwisho kuelekea kwenye mfereji. Meza zilikuwa zinang'aa. Bjørg alitundika brashi, akatembea mpaka mlangoni, na mkono wake ukaenda kwenye swichi.

"Mama!"

"Ala!" Bjørg akauvuta mkono kama aliyegusa jiko. "Miaka yote hii nazima taa. Mama yangu angenilaza na njaa kwa kuacha taa inawaka chumba kitupu." Akazitazama taa zile zinavyowaka juu ya meza ambazo hazina mtu. "Zinafanya kazi sasa hivi?"

"Sasa hivi. Usiku kucha."

"Na mimi nimelala."

"Na wewe umelala."

Bjørg alivua kofia yake ya nywele. Kisha akageuka, si kuelekea mlango wa nje bali kwenye chumba cha baridi, akarudi na kitu kimefungwa kwenye karatasi, akakitia mkobani bila maelezo.

Nyumbani alimpika samaki yule mwenyewe, kwa siagi na bizari, akampakua kwenye sahani tatu. Oddmund aliiona sahani ya mkewe, akafungua mdomo kusema, Torunn akamkanyaga chini ya meza. Wakainamisha vichwa kama watu wanaokula. Bjørg alimkata yule samaki kipande, akaitazama nyama yake, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akakata kingine, kikubwa zaidi.

"Chumvi haijakolea," akasema. Kisha akainua macho, akawakuta wote wawili wamemkodolea macho, uma zao hewani. "Mnaniangalia nini? Nipeni viazi."

Oddmund akampa bakuli lote.